Magunia Sita ya Mchanga

Burito Masatu alikuwa dereva wa fuso, na katika maisha yangu sijaona mtu aliyeniudhi kila siku kwa uaminifu kama yeye. Nasema hivyo mapema ili asije mtu akadhani nilimpenda tangu mwanzo. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda, kazi ya kukaa kwenye kijumba chenye dirisha moja. Gari linapanda mizani, nasoma, naandika, linashuka. Sifungi mpaka gari la mwisho lipimwe, na gari la mwisho, siku tano kati ya sita, lilikuwa la Burito.

Madereva wenzake walimwita Bwana Baadaye. Wao wakitoka Kibara saa saba, saa tisa wako getini wanakunywa soda. Yeye ametoka nao saa ileile, lakini mpaka saa kumi na moja na nusu ndipo pua ya fuso lake la bluu inachungulia pale kwenye kona, taratibu, utadhani amepakia mayai na si pamba.

"Upepo ulikuwa mkali, dada karani," ananiambia.

"Na wenzako walipita kwenye upepo gani?"

"Huohuo," anajibu, kisha anakwenda kunawa uso.

Mimi sina subira, nilizaliwa hivyo. Mama yangu anasema nilianza kutembea kabla ya kutambaa kwa sababu kutambaa kulinichelewesha. Sasa mtu kama mimi unampa Burito, mzee wa miaka hamsini na minane, mrefu, mwembamba, sweta mwaka mzima, anayeegesha gari katikati ya safari na kula karanga. Na hakuwa mvivu. Uvivu ningeuelewa. Alikuwa na taratibu zake, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye taratibu hizo.

Kwenye mkono wa kioo cha pembeni alikuwa amefunga kipande cha kitenge cha mkewe, Adventina. Kitenge kikining'inia, anaendesha. Kikipepea, anapunguza mwendo. Kikinyooka na kuanza kupiga kelele, anatafuta mgongo wa kilima au ukuta wa ghala, anageuza pua ya gari iangalie upepo unakotoka, anazima, anasubiri. Hakufuata basi kwa karibu, wala hakukubali kwenda sambamba nalo. Alisema basi linakukinga upepo kidogo, halafu linakuachia ghafla, na hapo ndipo watu wanaingia mtaroni. Akiwa hana mzigo alifungua turubai lote, akalikunja na kulilaza sakafuni, akabakiza vyuma vitupu juu ya bodi ili upepo upite.

Kwa sababu kitu alichokiogopa Burito kilikuwa gari tupu. Sisi wengine tunaogopa gari lililojaa mpaka linayumba. Yeye aliliogopa lile linalorudi kijijini halina kitu, jepesi, refu, limefunikwa vizuri. Ndiyo maana sakafuni, juu ya magurudumu ya nyuma, alilaza magunia sita ya mchanga. Asubuhi anapimwa nayo akiwa hana mzigo, jioni anapimwa nayo akiwa na pamba juu yake. Uzito wa mchanga uko asubuhi, uko jioni, haumdhulumu mtu. Hilo nililijua vizuri kuliko yeyote pale kiwandani, maana vipimo vyote viwili niliviandika kwa mkono wangu.

Msimu huo, lakini, neno mchanga lilikuwa tusi. Wakulima wachache walikuwa wametia mchanga kwenye pamba ili iongeze uzito, wengine walikuwa wameimwagia maji, na meneja akatangaza getini kwamba gari litakalokutwa na mchanga halitapakia tena. Tulimsikia wote. Burito naye alisikia, na hakuona kwamba linamhusu. Mchanga wake ulikuwa wa gari.

Ijumaa moja nilikuwa nimekata tiketi ya basi la saa kumi na mbili kwenda Musoma kumwona mama. Burito akaja saa kumi na mbili na robo. Basi lilikuwa limeshanipita, nililiona kwa dirisha hilohilo moja, hata kondakta nilimtambua. Wakati pamba inashushwa, wapakuaji wakakuta gunia moja la mchanga limepasuka na mchanga umetapakaa sakafuni. Nikachukua kitabu cha ripoti. Nikaandika: "Mchanga umeonekana ndani ya gari la pamba." Nikaweka namba ya gari, tarehe na saini yangu, Consolata.

Kila neno lilikuwa kweli. Ndilo linaloniuma mpaka leo.

Jumatatu tukaitwa kwa meneja. Mwenye gari, Mashimba, alikuwa ameshakuja na jasho linamtoka. Burito alisimama amevua kofia.

"Hiyo mchanga ni ya gari, siyo ya pamba," alisema. "Muulizeni karani. Anaipimaga kila asubuhi."

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu na mambo yangeisha. Lakini nilikuwa bado naliona lile basi.

"Mimi napima gari," nikasema. "Sipekui ndani."

Burito alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha barabarani na kukuta kimebadilishwa. Meneja akasema gari limesamehewa mara hii tu, kisha Mashimba akatoa masharti yake, mbele yetu, kwa sauti ya kuapa. Mchanga utoke leo. Turubai lisifunguliwe njiani tena, mawingu ya Septemba yameanza na bodi ikilowa pamba inalowa. Ikija ripoti nyingine yoyote yenye jina la Burito, ufunguo anapewa Nathan, kijana aliyekuwa akizunguka pale getini akingoja mtu augue.

"Umenielewa, mzee?"

"Nimekuelewa."

Jioni ile nilimwona akishusha magunia, moja moja, akiyapanga kando ya ukuta wa kiwanda kwa uangalifu, midomo yote ikielekea upande mmoja. Niliona aibu, na aibu ikanifanya nimkasirikie zaidi. Mimi ndivyo nilivyo.

Wiki tatu zikapita. Akawa anachelewa kuliko zamani, maana sasa aliegesha hata kitenge kikipepea tu. Halafu chama cha wakulima cha Kibara kikalalamika kwamba mizani yao inasoma vibaya, na meneja akanituma nikaikague kwa mawe ya kupimia. Gari lililokuwa linakwenda Kibara siku hiyo lilikuwa la Burito. Chama kilikuwa kinafunga saa tisa. Tuliondoka Bunda saa sita, mimi upande wa kushoto na boksi la mawe miguuni, yeye kulia na usukani wake, nyuma yetu bodi tupu na turubai limefungwa kila kona kama alivyoagizwa.

Tulisalimiana. Hatukuongea kingine mpaka lami ya mjini ilipoisha nyuma yetu.

Upande wa ziwa wingu lilikuwa limeota, jeusi chini, jeupe juu. Kitenge kilianza kupepea. Burito akashuka hadi arobaini, mikono yote miwili kwenye usukani, macho yake yanaruka kutoka barabarani kwenda kwenye nyasi, kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye kioo. Mimi nilitazama saa. Nikatazama tena. Vumbi lilikuwa linavuka barabara kutoka kushoto kwenda kulia, na gari likawa linasukumwa, linarudi, linasukumwa.

Kwenye kilima kidogo chenye kanisa la mabati, akaingia nyuma ya kilima, akageuza pua, akazima.

"Hapana," nikasema. "Mzee Burito, leo hapana."

"Nusu saa tu, binti yangu. Hii ni upepo ya mvua. Inakujaga kwa nguvu halafu inaisha."

Nusu saa ikawa dakika hamsini. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. Nilimpigia karani wa chama, akaniambia saa tisa kamili anafunga, ana msiba kwao. Burito alinipa karanga, nikakataa. Akaanza kunisimulia habari za rafiki yake aliyeitwa Silasi, walivyokuwa wametoka na lori la magodoro Mwanza kwenda Musoma miaka thelathini na mbili iliyopita, magodoro yamejaza bodi hadi juu na hayana uzito wowote, na upepo wa mvua ukawakuta kabla ya Kiabakari. Yeye alitoka na mchubuko. Silasi hakutoka. Alisimulia polepole, na mimi nilikuwa natafuta mtandao kwenye simu. Nilisema "pole sana" mahali pa kusema pole.

Ndipo wale akina mama wakatokea. Walikuwa kumi na wanne, wamejitwisha masufuria na mikungu ya ndizi, wanakwenda msibani Kibara, pengine msiba uleule wa karani. Aliyewaongoza aliitwa Matrida, ana mtoto mgongoni.

"Shikamoo baba. Gari yako iko tupu," akasema. "Si utupakie? Tutakuwa uzito wako, upepo haitakuyumbisha."

Walicheka, na mimi nilicheka nao, maana niliona mlango umefunguka.

"Umeulilia mchanga wiki tatu," nikamwambia Burito. "Mungu amekuletea watu. Wapakie twende."

Nilijiona nimesema jambo la maana kweli. Burito hakucheka.

"Mchanga ikimwagika naizoa na koleo," akasema. Kisha akawageukia wale akina mama, akavua kofia. "Mama zangu, mnisamehe. Nyuma sipakiagi mtu. Hata mngekuwa ndugu zangu wa damu."

Matrida akasonya, wakajitwisha vyombo, wakaendelea kwa miguu, wameinama, kanga zinawapiga migongoni. Niliwatazama watu wanakwenda Kibara kwa miguu na watafika huko kabla yangu, na kitu fulani kikanikatika.

"Sikiliza, mzee," nikasema. "Magurudumu haya yasipozunguka sasa hivi, leo naandika tena. Na safari hii siandiki mchanga. Naandika umekataa kazi. Mashimba atajua la kufanya."

 Nilisikia kile kitenge kwenye kioo, kilikuwa kinapiga kelele hata nyuma ya kilima.

"Basi niruhusu nifungue turubai," akasema. "Robo saa tu."

"Umeambiwa lisifunguliwe."

Akanitazama tena vile alivyonitazama ofisini. Kisha akawasha gari.

"Funga mkanda," akasema. Huo ndio ulikuwa ukali wake wote.

Tuliwapita akina mama kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, hawakututazama. Kilima kilipokuwa bado kinatukinga mambo yalikuwa shwari hata nikaanza kusema unaona. Halafu kilima kikaisha. Mbele kulikuwa na mashamba ya pamba yaliyokwisha kung'olewa, tambarare tupu mpaka ziwani, hakuna mti. Burito alikuwa amelegeza mguu kwenye mafuta, hakugusa breki, alikuwa anazungusha usukani kidogo kidogo kuelekea upepo. Nilimwona akifanya kila kitu sawasawa. Nasema hili kwa sababu niliulizwa baadaye na sikulisema vizuri.

Upepo ulikuja mara moja. Turubai nyuma yetu lilipiga mlio mmoja mkubwa, likajaa, na upande wangu ukanyanyuka. Uliinuka taratibu, sikuamini. Niliona barabara kwenye dirisha la Burito, mahali ambapo barabara haipaswi kuwa. Alinyoosha mkono wa kushoto, akanikandamiza kifuani nisimwangukie, na mkono wa kulia ukabaki kwenye usukani. Kisha tukalala chini upande wake.

Nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda. Vioo vilikuwa vimemwagika, mawe ya kupimia yalikuwa yametawanyika, na Burito alikuwa chini yangu, mkono wake wa kulia umebanwa kati ya mlango na ardhi.

"Umeumia?" akaniuliza.

Nikawa nahangaika na kifungo cha mkanda. Waliotufikia kwanza walikuwa wale akina mama. Waliacha masufuria barabarani, wakaja mbio. Matrida alimshusha mtoto, akampa mwenzake, akapanda juu ya gari, akanifungua mkanda na kunivuta. Wengine walichimba chini ya mlango kwa mikono na mifuniko ya sufuria mpaka mkono wa Burito ukatoka. Halafu Matrida akaenda nyuma. Bodi ilikuwa imelalia ubavu, mbao zimechanika, vyuma vya turubai vimejipinda mpaka ndani. Alisimama pale kwa muda mrefu, kisha akaenda kumchukua mtoto wake.

"Kumbe hiki ndicho alikuwa anatukatalia," akasema.

Burito alipelekwa hospitali Bunda, kisha Musoma, mkono umevunjika mahali pawili. Mimi sikuwa hata na jeraha la kuonyesha watu. Mashimba alikuja akipiga kelele: dereva mzembe, dereva mzee, ataharibu hata baiskeli. Burito alipoulizwa alisema neno moja, upepo. Nilipoulizwa mimi nikasema, "Upepo ulitupiga ubavuni." Kila neno kweli, tena. Nathan akaahidiwa ufunguo, gari likishatengenezwa.

Siku tisa sikutulia mahali. Nilikuwa nikiketi nasimama, nikisimama natoka. Mabati ya kiwanda yakitikisika kidogo, kalamu inanidondoka. Nilifua nguo zilizo safi. Nilimtukana fundi baiskeli ambaye hakunikosea. Nilijiambia kwamba gari lingeanguka hata bila mimi, nikajiambia hivyo mara nyingi sana, na sikuwahi kuamini. Siku ya kumi nikapanda basi mpaka Makutano, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwake, mbele kidogo ya Butiama.

Adventina alinipokea kwa mikono miwili. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Alinishika mabega, akanikagua kama mtoto aliyetoka shule, akaita majirani waje wamwone yule binti aliyeanguka na mumewe, baba Amos, na hakukwaruzwa. Akapika ugali na kuku, akaninawisha mwenyewe. Burito alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba, mkono umefungwa bendeji nyeupe mpaka begani, anatabasamu kidogo.

Nilipoinuka kuaga, Adventina akaja na kuku mwingine, mtetea mweusi, miguu imefungwa kamba ya katani.

"Kwetu mtu aliyetoka kwenye ajali pamoja na wa nyumba hii hatokagi mikono mitupu," akasema. "Nyie mmetoka kwenye kaburi moja. Sasa wewe ni mtoto wa hapa. Nenda kamle na mama yako."

Nilinyoosha mikono, na mikono ikakataa. Nikaanza kulia, kilio kibaya, cha makamasi. Nikasema yote. Ripoti ya mchanga na basi la Musoma, yale maneno yangu kwa meneja, akina mama, kitisho, turubai. Nilisema "alitaka kusubiri, mimi ndiye niliyemtoa" mara tatu.

Adventina alimweka kuku chini. Hakumrudisha ndani, wala hakunipa. Alikwenda kusimama nyuma ya kiti cha mumewe.

"Usukani ilikuwa yangu," Burito akasema mwishowe. "Ungepiga kelele mpaka kesho, mguu ulikuwa wangu. Hiyo usiibebe." Akajiweka sawa kitini. "Ile habari ya Silasi niliyokwambia pale kilimani, uliisikiliza?"

"Nilisikia. Ulikuwa unaendesha lori la magodoro..."

"Haukusikiliza. Aliyekuwa anaendesha ni Silasi. Mimi nilikaa pale ulipokaa wewe." Alitazama ule mkono uliofungwa. "Silasi alitaka kuegesha. Mimi nilikuwa na haraka ya kufika Musoma, nilikuwa na mchumba ananingoja stendi. Nikamwambia wewe Silasi ni mwoga, ndiyo maana tajiri anataka kukuondoa. Akawasha gari."

Adventina alikuwa ameinamisha kichwa. Nikaelewa mchumba alikuwa nani, na nikaelewa kipande cha kitenge.

"Nilipotoka hospitali nikaenda kwa mama yake, kule Mugeta. Nilienda kusema. Nimefika, mama akanikumbatia, akanipa kuku, kwa sababu nilitoka pamoja na mtoto wake." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ndiyo iliyonitisha. "Nilimchukua. Nikamla. Sikusema kitu. Miaka thelathini na mbili naegesha gari kila upepo ikija, watu wananiita Bwana Baadaye, na yule mama sijamwambia mpaka leo. Wewe umesema kabla hujamshika kuku."

 Yule mtetea alijaribu kusimama, akashindwa, akatulia.

Jumatatu niliandika barua kwa meneja na nakala kwa Mashimba. Niliandika vipimo vya asubuhi na jioni vya mwezi mzima kabla mchanga haujatolewa, waone kwamba haujaongeza wala kupunguza kilo moja ya pamba. Niliandika na ya kilimani. Niliondolewa kwenye mizani mchana uleule, nikapelekwa ghala la mbegu, ambako niko mpaka sasa nikipiga chafya. Ilikuwa haki yangu. Mashimba alinguruma siku mbili, kisha akasema ufunguo utamsubiri Burito mpaka mkono upone, na kwamba mchanga wake urudi, magunia yashonwe vizuri. Nilikwenda kuyaangalia pale ukutani. Yalikuwa matano na lile lililopasuka. Nikalishona.

Jumamosi ya wiki ile simu yangu ikalia. Alikuwa Burito.

"Mama Silasi bado yuko hai," akasema. "Hasikii vizuri, lakini yuko. Nataka unisindikize Mugeta. Nina mkono mmoja, na kuku anahitaji kushikwa."

Tulikwenda na yule mtetea mweusi wa Adventina, mimi nimempakata. Gari la abiria lilituacha barabarani, na nyumba ilikuwa mbele, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu katikati ya mashamba. Upepo ukaanza. Vumbi lilituingia machoni, sweta la Burito likajaa mgongoni, kuku akajificha kichwa kwapani mwangu. Kando ya njia palikuwa na ukuta wa josho la ng'ombe, mahali pazuri pa kujikinga.

"Baba, tusubiri hapa upepo utulie," nikasema. Mimi, Consolata, nilisema hivyo.

Burito hakupunguza mwendo.

"Nimeshasubiri vya kutosha," akasema.

Tulifika uani tumejaa vumbi. Ndani kulikuwa na bibi kizee amekaa kwenye mkeka, anachambua mtama, hajatuona. Burito akavua kofia kwa mkono wake mzima, akaibana kwapani, akanyoosha mkono nimpe kuku. Nilimpa. Alimkamata kwa nguvu mpaka yule kuku akapiga kelele, na bibi akainua uso.

"Nani huyo?" akauliza.

"Ni mimi, mama," Burito akasema, kwa sauti kubwa ili asikie. "Nimekurudishia kuku wako."